Sura ya Sita: Mgodi Ukifungwa, Mji Unakula Nini?

Kila penye mgodi mkubwa Afrika Mashariki, swali hili haliishi. Utalisikia Geita kwenye vijiwe vya kahawa, Mirerani kwa wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo, na Kasese nchini Uganda, ambako mgodi wa shaba wa Kilembe ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 na nyumba za wafanyakazi zikabaki bondeni na rangi yao ya zamani. Madini yakiisha, sisi tutakula nini?

Viongozi wana jibu la haraka: utalii. Hapa kuna pango, kuna utamaduni wa wenyeji, kuna mabaki ya kale ya mgodi wenyewe. Weka kibao barabarani, wageni watakuja na fedha zao.

Je, wanakuja? Na wakija, wanaacha nini? Kulijibu swali hili kwa kuitazama Geita ni kazi bure, maana Geita bado inachimba. Inatupasa kutafuta mji uliokwisha kupita njia nzima: uliochimba, ukafungwa, ukakaa miaka mingi bila mgodi wake, na ukajaribu kuishi kwa mapango na historia. Mji mmoja wa namna hiyo ni Chillagoe, Australia. Tanuri lake kubwa lilizimwa mwaka 1943. Miaka zaidi ya 80 inatosha kuona jibu.

Mji wenyewe

Chillagoe uko jimbo la Queensland, kaskazini-mashariki mwa Australia. Wageni wengi hutua Cairns, mji wa pwani ambako watu huenda kuzamia kwenye matumbawe. Kutoka hapo barabara inapanda milima yenye msitu mnene hadi Mareeba, ambako zamani walilima tumbaku na siku hizi wanalima maembe na kahawa. Ukiiacha Mareeba, mvua nayo unaiacha nyuma. Miti inafupika, udongo unakuwa mwekundu, na ng'ombe wanaanza kujiona wenye barabara. Huko Almaden, kijiji cha mwisho kabla ya kufika, hulala mtaani, na anayepaswa kuzunguka ni mwenye gari. Safari nzima inazidi kidogo kilomita 200, mwendo wa saa tatu hivi.

Wakazi ni mia mbili na kitu. Kuna shule ya msingi, hoteli chache ambazo pia ndizo baa, na kituo cha wageni. Pembeni ya mji zimesimama dohani za matofali, yaani mabomba marefu ya moshi ya tanuri la zamani, na chini yake kuna lundo jeusi la mabaki ya kuyeyushia. Na kila upande, katikati ya nyika tambarare, vinachomoza vilima vya mawe ya chokaa, vya kijivu kilichokolea, vyenye ncha kali. Ndani ya vilima hivyo ndimo yalimo mapango, kwa mamia.

Shaba iliyouzwa ikiwa bado ardhini

Mfugaji William Atherton alianzisha ranchi hapa mwaka 1888. Habari za shaba zilimfikia Mskochi mmoja, John Moffat, aliyekuwa ameshajijengea himaya ya bati kwenye mji wa Irvinebank. Moffat alikusanya viwanja vya madini, akayeyusha kidogo kidogo, akagundua jambo ambalo kila mchimbaji wa bara hulijua: kuchimba si kazi, kazi ni kusafirisha. Bila reli, shaba ya Chillagoe ilikuwa mawe tu.

Reli inahitaji mtaji, na mtaji unahitaji watu walioaminishwa kwamba chini kuna mali ya kutosha. Kampuni ikaundwa mwishoni mwa miaka ya 1890, hisa zikauzwa, na reli ya kilomita 150 hivi ikajengwa kutoka Mareeba. Mwaka 1901 tanuri likawashwa.

Hapa tueleze tanuri linafanyaje kazi, maana linahusiana na mapango kuliko unavyodhani. Mawe yenye madini huvunjwavunjwa, yakachanganywa na koki, ambayo ni makaa ya mawe yaliyochomwa mpaka ikabaki kaboni karibu tupu, pamoja na mawe ya chokaa. Koki hutoa moto. Chokaa hushikana na uchafu uliomo kwenye mawe na kuutenga na metali. Uchafu huo hutoka kama uji wa moto, ukipoa huganda kuwa jiwe jeusi linalong'aa. Ndilo lile lundo linaloonekana mpaka leo. Kwa Chillagoe, chokaa haikuwa bidhaa ya kuagizwa. Ilikuwa vilima vyenyewe.

Ila madini hayakufikia yale yaliyoahidiwa kwa wenye hisa. Ndani ya mwaka uleule wa kuwashwa, tanuri lilisimama na kampuni ikalazimika kujipanga upya. Likawaka tena, likayumba, likazimwa mwaka 1914. Serikali ya Queensland ikalinunua mwaka 1919, ikaliwasha mwaka uliofuata, na kuliendesha kwa taabu hadi 1943. Kwa jumla lilimeza tani milioni 1.25 za mawe na kutoa shaba tani 60,000, risasi tani 50,000, fedha tani 181 na dhahabu tani 5. Ni mali nyingi ukiitazama kwenye orodha. Ukiitazama kwenye vitabu vya hesabu, faida ilikuwa ya kuvizia.

Mradi huo uliacha pia kesi. Mwaka 1922 serikali ya Queensland ilinunua migodi ya Mungana, jirani na Chillagoe, kwa pauni 40,000. Waziri Mkuu wa jimbo wakati huo alikuwa Edward Theodore. Miaka minane baadaye, Theodore akiwa Waziri wa Fedha wa Australia nzima, tume ya uchunguzi ilisema alikuwa na maslahi ya siri katika migodi hiyo iliyouzwa kwa serikali aliyoiongoza. Alijiuzulu Julai 1930, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati nchi ilipomhitaji zaidi mtu anayejua fedha. Mwaka 1931 baraza la wazee wa mahakama katika kesi ya madai halikumkuta na hatia, lakini siasa yake ilikuwa imeshavunjika. Baadaye alikwenda Fiji na kutajirika kwa dhahabu, halali kabisa. Msomaji wa Afrika Mashariki anayefuatilia mikataba ya madini hatahitaji kuelezwa zaidi.

*Kwa ufupi: Chillagoe ulizaliwa kwa matumaini yaliyouzwa kabla ya madini kupimwa vizuri. Tanuri lilidumu miaka 42, na mingi kati ya hiyo ilikuwa ya hasara au ya kusimama.*

Jirani aliyekufa kabisa

Kabla ya kuuliza Chillagoe uliponaje, tumtazame jirani ambaye hakupona.

Kaskazini-mashariki, upande wa mji mdogo wa Dimbulah, kuna mlima mrefu wenye kuta za mwamba uitwao Mount Mulligan. Chini yake palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe, ulioanzishwa ili matanuri ya Chillagoe yasiagize makaa kutoka mbali. Asubuhi ya tarehe 19 Septemba 1921, vumbi la makaa lililipuka ndani ya mgodi. Watu 75 walikufa, karibu kila aliyekuwa chini. Kwa mji mdogo hiyo ilikuwa sawa na kufagia wanaume wa mitaa mizima.

Mgodi ulifunguliwa tena. Ulifungwa kwa sababu isiyo na uhusiano na msiba ule: mwaka 1957, umeme wa maporomoko ya Tully ulipofika, hakukuwa na mteja tena wa makaa. Nyumba ziliuzwa, zikabomolewa, zikapakiwa kwenye malori na kwenda kujengwa kwingine. Walichoacha ni makaburi, dohani na misingi ya nyumba.

Tofauti ya miji hii miwili ndiyo ninayotaka uishike. Mount Mulligan ulikuwa na kazi moja na mteja mmoja. Chillagoe, hata siku za tanuri, ulikuwa njiapanda. Wafugaji wa nyika ya magharibi walipitisha ng'ombe wao hapo na kununua mahitaji hapo. Baadaye marumaru yakachimbwa. Barabara ya kuelekea Ghuba ya Carpentaria ikaendelea kupita katikati. Tanuri lilipozimwa, mji ulipungua mno lakini haukukosa kabisa sababu ya kuwepo. Watalii walikuja kuongeza juu ya hiyo sababu. Hawakuiumba.

Pango hutengenezwaje?

Ili uelewe mgeni anakuja kutazama nini, rudi nyuma miaka milioni 400. Eneo hili lilikuwa bahari yenye kina kifupi, na volkano zilitokeza kama visiwa. Kuzunguka visiwa hivyo yalikua matumbawe, na chini yakatuama matope yenye chokaa kutokana na viumbe waliokufa. Yote hayo yaligandamana kuwa mwamba. Baadaye nguvu za ardhi ziliuinua mwamba huo na kuulaza upande, mpaka tabaka zilizokuwa zimelala zikasimama karibu wima. Ndiyo maana vilima vya Chillagoe havina migongo ya mviringo. Ni tabaka za bahari zilizosimamishwa kwa ukingo.

Kilichofuata kinafanyika pia jikoni kwako, ikiwa unaishi Tanga, Mombasa au popote penye maji ya chumvichumvi. Birika la chai la nyumbani huota gamba jeupe ndani. Gamba hilo ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji, ikaachwa maji yalipochemka. Ardhini hatua ni mbili. Kwanza, maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa kutoka angani na kwenye udongo, yakawa na ukali kidogo. Yanapokaa kwenye nyufa za mwamba wa chokaa, huula taratibu. Chillagoe, maji ya chini ya ardhi yalipanda na kushuka kwa vipindi virefu, na kila yalipofika yalichimba vyumba na vichochoro. Pili, maji yalipokwisha kushuka na pango kubaki tupu, matone yaliendelea kuvuja kutoka juu, kila moja likiacha chembe ya chokaa. Chembe zikirundikana kwenye dari hushuka kama mikuki: hiyo ni stalaktiti. Zikirundikana sakafuni hupanda: hiyo ni stalagmiti. Zikikutana, huwa nguzo.

Mapango matatu ya hifadhi ya Chillagoe-Mungana huingiwa kwa kuongozwa na askari wa hifadhi. Donna lina ngazi nyingi na mwanga uliowekwa. Jina lake limetokana na umbo la jiwe linalomkumbusha mtu Bikira Maria. Trezkinn lina njia ya chuma inayozunguka umbile kubwa la chokaa lililoning'inia katikati. Royal Arch huingiwa kwa taa za kubeba mkononi, na kwa maoni yangu ndilo la kwenda ukiwa na muda wa moja tu. Taa za kudumu hukuonyesha anachotaka uone aliyezifunga. Taa ya mkononi inakuachia utafute mwenyewe, na kila ukigeuka unagundua ulikuwa umesimama karibu na kitu ambacho hukukiona.

Yapo mengine, kama Pompeii na Bauhinia, ambayo mgeni huingia mwenyewe na tochi yake.

Mapango haya yana wapangaji. Wako popo wanaokula wadudu, wako kangaruu wadogo wa mawe wanaojificha jua kwenye milango, na kuna ndege mmoja ambaye angestahili sura yake. Ni mdogo, anafanana na mbayuwayu, na hujenga kiota kwenye dari ya pango gizani kabisa kwa nyasi na majani aliyoyagandisha kwa mate. Huona njia kwa sauti: hutoa milio mifupi ya "tik tik tik" na kusikiliza inavyorudi kutoka ukutani. Hutaga yai moja. Kifaranga akishakua kidogo, mama hutaga la pili na kumwachia kifaranga huyo alilalie. Mtoto wa kwanza ndiye anayemwangua mdogo wake, wazazi wakihangaika kutafuta wadudu. Mzaliwa wa kwanza yeyote wa familia yenye watoto sita atalielewa jambo hili bila maelezo.

Wenye nchi

Mpaka hapa nimesimulia kana kwamba historia ya watu ilianza na Atherton mwaka 1888. Ndivyo vipeperushi vya zamani vya miji ya migodi vilivyosimulia, na ni vibaya.

Chillagoe iko katika nchi ya watu wa Wakaman, mojawapo ya mataifa mengi ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Katika pango la Walkunder Arch, karibu na mji, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta dalili za maisha ya binadamu za zaidi ya miaka 18,000. Mount Mulligan, ambao jina lake la asili ni Ngarrabullgan na wenyewe ni watu wa Djungan, umetoa dalili za zaidi ya miaka 35,000. Kwenye kuta za mawe ya chokaa, hasa Mungana na karibu na jiwe maarufu linaloitwa Balancing Rock, imebaki michoro.

Kati ya wakati huo na leo kuna kipindi ambacho mwongozaji mzuri hataruka. Dhahabu ilipovumbuliwa kwenye mto Palmer mwaka 1873, maelfu ya wachimbaji waliingia kaskazini mwa Queensland. Waliopinga kuporwa maji na ardhi waliuawa, mara nyingi na kikosi cha polisi cha serikali kilichoundwa kwa askari Waaborijini waliotolewa mikoa ya mbali na kuongozwa na maofisa Wazungu. Mkoloni aliyewatumia askari wa kigeni hapa kwetu hakuvumbua mbinu mpya. Sheria ya Queensland ya mwaka 1897 iliipa serikali mamlaka ya kuwahamisha Waaborijini kwa amri. Watu wa maeneo ya ndani, nyuma ya Cairns, wakapelekwa misheni ya Yarrabah, misheni ya Mona Mona karibu na Kuranda iliyodumu kutoka 1913 hadi 1962, au kisiwa cha Palm. Watoto walitenganishwa na wazazi. Wengine walibaki kwa kufanya kazi kwenye ranchi zilizojengwa juu ya ardhi yao wenyewe. Ni mwaka 1992 tu, katika kesi inayojulikana kwa jina la Mabo, ambapo Mahakama Kuu ya Australia ilikubali kwamba nchi hiyo ilikuwa na wenyewe kabla ya Mwingereza kufika. Sheria ya haki za ardhi za wenyeji ikafuata mwaka 1993.

Basi mgeni anapoambiwa Chillagoe ina "utamaduni wa wenyeji", aelewe anaalikwa kuona nini. Usitarajie ngoma ya kukaribisha watalii baada ya chakula cha jioni, kama ilivyo kwenye hoteli zetu za pwani. Utaona michoro kwenye maeneo machache yaliyofunguliwa kwa umma, utasoma vibao vilivyowekwa pale, na utakuwepo karibu na mahali pengi ambapo hutaonyeshwa. Nafikiri huo ni mpango wa heshima zaidi kuliko wetu. Utamaduni unaopangiwa saa ya kuanza na bei ya picha hugeuka kazi ya kibarua upesi.

Kwetu suala hili lina mkanganyiko wake. Michoro ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, iko mahali ambapo wenyeji bado wanafanya matambiko, na huko Mungomi wa Kolo, mojawapo ya maeneo hayo, wahifadhi wamewahi kulalamika kuhusu pombe inayorushwa kwenye mwamba wakati wa tambiko. Kwa mhifadhi, pombe inaharibu mchoro. Kwa anayetambika, mwamba usionyweshwa umekufa tayari. Nani apewe funguo? Jibu langu ni kwamba mwenye tambiko akae mezani kabla ya mwenye tikiti kuanza kuuza, na si baada ya hapo.

Basi, utalii umeulisha mji?

Nusu.

Mgeni wa kawaida wa Chillagoe huondoka Cairns asubuhi, anaingia pango moja au mawili, anatazama dohani za tanuri kwa mbali (eneo lenyewe limezuiwa kwa sababu udongo wake una sumu ya metali), anakula, anarudi. Wengine huletwa na Savannahlander, treni ya zamani ya dizeli inayopita Almaden, kisha husogezwa kwa basi. Tikiti ya kuongozwa pangoni ni ya hifadhi ya serikali. Kinachobaki mjini ni alicholipia chakula, kinywaji, mafuta na kitanda, kama alilala.

Kwa hiyo mji haukuacha kutafuta njia nyingine. Ng'ombe hawakuondoka. Marumaru yalichimbwa. Dhahabu ya Red Dome, kilomita chache kutoka Mungana, ilichimbwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, na zinki ikaja kutafutwa baadaye. Hapo ndipo neno "mji wa zamani wa migodi" linapodanganya: tanuri lilizimwa, uchimbaji unakuja na kuondoka. Ongeza mishahara ya mwalimu na askari wa hifadhi, ambayo serikali hulipa hata mwezi ambao hakuna mgeni aliyekanyaga. Kwa mji wa watu mia mbili na kitu, mshahara wa mwalimu mmoja una uzito wake.

Kitu kimoja kilichonifurahisha ni jinsi watu wa huko walivyoweza kuigeuza taabu yao ya kale kuwa sababu ya wageni kulala. Wachimbaji wa karne ya kumi na tisa walisukuma mali zao kwa toroli kutoka mgodi hadi mgodi. Tangu 2004, kila mwezi Mei, timu za watu husukuma toroli kutoka Mareeba hadi Chillagoe, kilomita 140, kwa siku tatu, wakichangisha fedha za hisani. Hakuna aliyejenga uwanja wala kuleta mwekezaji. Walichohitaji ni barabara, toroli, na watu wenye magoti imara.

Upande wa gharama nao usisahaulike. Pango lenye watalii linahitaji mlango, ngazi, taa na mtu wa kulilinda. Mafuta ya vidole vya mgeni yakigusa stalaktiti huzuia chokaa mpya kushika, na mahali hapo husimama kukua na kuwa peusi. Ndiyo sababu mengi ya mapango ya Chillagoe hayatangazwi, na machache yanayotangazwa yana muda maalumu na mwongozaji. Mapango mengi ya kwetu yana majina ya wanafunzi wa safari za shule yaliyoandikwa kwa mkaa. Halmashauri inayotaka kuishi kwa pango ianze kwa kuajiri mlinzi. Kibao cha barabarani kitafuata.

*Kwa ufupi: utalii wa Chillagoe haukurudisha mishahara ya tanuri. Umeongeza kipato cha mji uliokuwa tayari na njia, mifugo na huduma za serikali. Mji usio na hivyo, kama Mount Mulligan, haukusubiri watalii.*

Ukienda

Wasomaji wenye ndugu Queensland huniuliza mambo ya safari, kwa hiyo haya hapa:

- Nenda kati ya Mei na Septemba. Kuanzia Desemba mvua na joto huja pamoja, na mito hukata barabara.
- Tikiti za mapango huuzwa kwenye kituo cha wageni mjini, kiitwacho The Hub. Nafasi za kila msafara ni chache, nunua mapema.
- Chagua pango kwa magoti yako. Mzee asipelekwe Donna kwa sababu picha zake ni nzuri.
- Kwa mapango ya kuingia mwenyewe, beba tochi mbili na umwambie mtu unakokwenda.
- Michoro itazame kwa macho. Usiimwagie maji ili rangi ionekane vizuri kwenye picha, tabia ambayo imeharibu michoro bara zima la Afrika.
- Jaza mafuta Mareeba, na ubebe maji kuliko unavyodhani utakunywa.
- Ukiwa na gari lako, pitia Almaden polepole. Ng'ombe hawana haraka.

Na lala usiku mbili badala ya mmoja. Fedha ya pango inakwenda serikalini. Ya kitanda, ya chakula na ya mafuta ndiyo inayobaki Chillagoe.